Samaki wa Kingo Mbili

Maji yanayopita mbele ya Kasenga yana safari ndefu kuliko bidhaa yoyote iliyowahi kupakiwa kwenye gati lake. Yanatoka katika vinamasi vya Bangweulu nchini Zambia kwa jina la Luapula, yanaporomoka Mambilima, yanafika Kasenga yakiwa yametulia, kisha yanaingia Ziwa Mweru. Pweto yanatoka tena kwa jina la Luvua, Ankoro yanaungana na Lualaba, na kuanzia hapo ni mto Kongo wenyewe, kupitia Kisangani na Kinshasa hadi Banana, kwenye ule ufuko mfupi wa Atlantiki, kilomita 40 hivi, ambao ndio bahari yote iliyopewa Kongo. Nje ya mlango huo wa mto, kati ya Julai na Septemba, hupita nyangumi wa nundu waliotoka kwenye barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji ya vuguvugu ya Gabon na majirani zake. Kwa hiyo anayeuliza nyangumi wana nini na mji wa wavuvi ulio katikati ya bara, kilomita zipatazo 200 kutoka Lubumbashi, anaweza kujibiwa kwa jiografia peke yake. Lakini hilo ni jibu jepesi. Liko jibu la historia, nalo ni zito zaidi: katika miaka ileile michache iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, samaki aitwaye mpumbu katika Luapula na nyangumi katika bahari za kusini walimalizwa kwa hesabu ya namna moja. Hesabu hiyo, ya mali moja yenye wachumaji wengi ambao kila mmoja anamsubiri mwenzake aache kwanza, ndiyo inayotushinda leo katika suala la tabianchi.

Mpumbu ni samaki wa mtoni ambaye wanasayansi humwita Labeo altivelis, ndugu wa ningu anayejulikana na watu wa Ziwa Victoria. Aliishi Mweru karibu mwaka mzima, na mvua zilipofurisha mto alipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai kwenye vijito na mabonde yaliyofunikwa na maji. Tabia hiyo ndiyo iliyomfanya awe neema, na ndiyo iliyomponza. Samaki anayekuja wakati mmoja, kwa njia moja, akiwa amejaa mayai, hahitaji kutafutwa. Watu wa bonde walimngoja kwa nyua za matete, migono na nyavu za nyuzi za miti, na wale waliotambuliwa kuwa wenye ardhi na wenye maji walikuwa na neno katika uvuvi huo: matambiko yaliyotangulia msimu yalikuwa yao, na sehemu ya samaki ilikuwa haki yao. Masimulizi ya bonde yanaeleza umiliki huo ulivyopatikana. Nkuba, mkuu wa Washila waliokuwa wenyeji wa ziwa, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kuomba kisasi, na Nkuba alipouawa, mama yule akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na mito yake. Mwanahistoria David Gordon alikiita kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu bonde hili kwa jina la zawadi hiyo, na kwa haki, maana ndani yake mna wazo la kisheria lililo wazi kabisa: udongo na maji vilitolewa pamoja, kwa mkono mmoja, na ng'ambo ya mto haikuwa nchi nyingine.

Sisemi kwamba zamani hizo zilikuwa pepo. Utawala wa Kazembe ulitoza kodi, uliuza watumwa, na ulipigana na majirani. David Livingstone alipofika huko Novemba 1867 alimkuta mfanyabiashara Mohammed bin Saleh amekwama kwa miaka, kwa kuwa Kazembe hakumruhusu kuondoka. Wala sisemi wenye maji walikuwa wahifadhi kwa maana tunayoipa leo kazi hiyo. Kilichowalinda samaki zaidi ya matambiko ni umbali. Misafara ya pwani ilibeba pembe, shaba na watu. Samaki hakubebwa, kwa sababu hata aliyekaushwa kwa moshi hakufika mbali akiwa na faida. Kilicholiwa ni kile ambacho vijiji vya bonde na majirani zao wangeweza kula. Tambiko lililotangulia uvuvi lilikuwa na kazi nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa kubwa: liliweka wazi ni nani anayeweza kusema bado. Mtu huyo alipoondolewa nguvu, hakuna aliyepewa nafasi yake.

Aliondolewa kwa hatua. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na dola la Mfalme Leopold wa Ubelgiji uliufanya Luapula kuwa mpaka. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kwa hofu ya malale, tawala zote mbili zilihamisha vijiji kutoka kando ya maji, na waliorudi walirudi kwa vibali vya ofisi ambazo hazikujua habari za Nachituti. Kisha likaja soko. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo mwaka 1911. Migodi ilihitaji watu, na watu waliokaa kambini mbali na mashamba yao walihitaji posho. Unga uliweza kuletwa kwa treni kutoka kusini. Kitoweo kilikuwa tatizo: ng'ombe hawakustawi katika nchi ya mbung'o, na nyama ya kuagiza ilikuwa ghali. Luapula ulikuwa siku moja au mbili kwa gari, umejaa samaki.

Waliokamata nafasi hiyo ni Wagiriki, pamoja na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 walijijenga Kasenga, wengine Kilwa na Kashobwe, kwa boti za injini, nyavu ndefu za kiwandani, barafu na malori. Historia za migodi huwataja kwa sentensi moja na kupita, na hilo ni kosa, kwa sababu bila wao hesabu ya gharama za shaba ingekuwa nyingine. Barafu hasa ndiyo iliyogeuza mambo. Ilivunja ule umbali uliokuwa ulinzi wa samaki, kwani aliyevuliwa usiku Kasenga sasa angeweza kuliwa Élisabethville, Jadotville au Kipushi kabla hajaoza. Wafanyabiashara hao hawakuvua peke yao. Walinunua kwa wavuvi Waafrika wa kingo zote mbili, waliwakopesha nyavu, na deni la nyavu likawa sababu ya kuvua usiku na mchana. (Biashara hiyo iliacha alama hata katika siasa: Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, alizaliwa Kashobwe, na baba yake aliyetoka Rhodes alikuwa mtu wa biashara ya samaki.) Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, nao haukulala. Migodi ya Nkana, Mufulira na Roan Antelope ilipokua, nayo ilitaka samaki wa mto uleule. Vita vya 1939 hadi 1945 vilipandisha mahitaji ya shaba, shaba ikapandisha idadi ya wachimbaji, na wachimbaji wakapandisha bei ya mpumbu.

Kilichofuata ni rahisi kukieleza. Nyavu zilitandazwa mtoni na kwenye mlango wa mto ziwani katika miezi ambayo mpumbu alipanda. Walionaswa walikuwa majike waliojaa mayai pamoja na madume yao, wote wakiwa njiani kwenda kutaga. Kumvua samaki wakati huo ni kuuza mbegu. Mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, ule msafara wa kila mwaka ulikuwa umevunjika, na haujawahi kurudi kwa wingi wa awali. Biashara haikufa. Ilihamia kwa pale, yule samaki mpana wa jamii ya perege, na nyavu za nailoni zilizoenea miaka hiyo zikaifanya kazi hiyo kuwa nyepesi. Pale naye alipopungua, kuanzia miaka ya 1970 na 1980 watu waligeukia chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, ambao leo ndio protini ya watu wengi wa Mweru. Kutoka samaki aliyejaza mikono miwili hadi samaki anayepimwa kwa kikombe: huo ndio ufupisho wa karne moja ya Kasenga, nami sijui mtaalamu angeongeza nini hapo isipokuwa jedwali.

Inafaa kukaa kidogo kwenye swali la kwa nini hakuna aliyezuia. Haikuwa kwa sababu ya kutojua. Mvuvi yeyote wa Luapula alijua mpumbu anapanda kwa ajili gani, na maofisa wa serikali zote mbili walijua pia. Kulikuwa na wataalamu wa samaki, ripoti na barua za kuvuka mto. Shida ni kwamba kila kanuni ilikuwa na kingo mbili. Ofisa wa Kiingereza aliyewazuia wavuvi wake aliona samaki wanapita kwenda kunaswa upande wa Wabelgiji, na Mbelgiji aliyefikiria kufunga msimu alikumbushwa posho ya migodi na hasara ya wafanyabiashara wa Kasenga, huku ng'ambo nyavu zikiendelea. Sheria za pande mbili hazikulingana. Katika hali hiyo mvuvi anayeacha hapunguzi uvuvi, anapunguza fungu lake tu. Hapo ndipo busara ya kila mmoja inapozaa upumbavu wa wote, na hakuna haja ya kumtafuta mtu mbaya ili kueleza maafa.

Sasa tuwatazame nyangumi, ambao Wakongo wengi huwafikiria kuwa habari ya Wazungu na meli zao. Katika msimu mmoja wa Antaktika, 1930 hadi 1931, meli-viwanda ziliua nyangumi wa buluu karibu 30,000. Mafuta yao hayakuwa ya anasa. Yalitengenezwa siagi ya bandia na sabuni kwa ajili ya wafanyakazi wa miji ya Ulaya, na mnunuzi mkubwa alikuwa Unilever, kampuni iliyotokana na ile ya Lever ambayo mwaka 1911 iliunda Huileries du Congo Belge na kujenga Leverville, Lusanga ya leo. Mafuta ya mawese yaliyokamuliwa kwa jasho la watu wa Kwilu na mafuta ya nyangumi wa kusini yaliingia katika biashara ileile ya sabuni na siagi. Na mfumo ulikuwa ule wa Kasenga: kiumbe aliyeko mbali anageuzwa kuwa posho nafuu ya watu walioondolewa mashambani kwenda viwandani. Kila aliyemtetea mvuvi alisema anatetea tumbo la mfanyakazi, na hakusema uongo.

Mataifa yalijaribu kujiwekea mpaka. Desemba 1946 yalitia sahihi huko Washington mkataba wa kusimamia uvuvi wa nyangumi, na kiwango cha msimu wa Antaktika kikawekwa kuwa vizio 16,000 vya nyangumi wa buluu, ambapo nyangumi wa buluu mmoja alilingana na wa nundu wawili na nusu. Kiwango hicho kilikuwa cha wote kwa pamoja, bila mgawo wa kila nchi. Matokeo yake yangetabirika na mvuvi yeyote wa Luapula: kila kundi la meli lilikimbilia kuvua haraka iwezekanavyo kabla jumla haijafika, na msimu ukageuka mbio. Umoja wa Kisovyeti ulikwenda mbali zaidi, ukaripoti pungufu kwa miongo kadhaa. Takwimu zake za kweli zilifichuliwa baada ya 1990, na nyangumi waliofichwa wakahesabiwa kuwa zaidi ya laki moja. Karibu na kwetu, kituo cha Cap Lopez nchini Gabon kilivua maelfu ya nyangumi wa nundu kati ya 1949 na 1952, kisha kikafunga kazi walipopungua. Yaani mpumbu alipokuwa akikatika Kasenga, nyangumi walikuwa wakikatika kwenye pwani jirani na ile ambako maji ya Kasenga hufika baharini. Hakuna aliyeyaunganisha matukio hayo wakati ule, wala hapakuwa na sababu ya mtu kufanya hivyo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya simulizi hili ni la kitaalamu, na linastahili kuheshimiwa. Wachunguzi wa maziwa ya kusini mwa Afrika, Mweru likiwemo, wameonyesha kwamba mavuno ya samaki hupanda na kushuka kufuata kina cha maji kuliko kufuata idadi ya wavuvi. Utafiti mkubwa uliotolewa na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2003 ulifikia huko. Mvua ikiwa nyingi, mabonde hufurika, mbolea ya nchi kavu huingia majini, vifaranga hupata maficho, na baada ya mwaka au miwili nyavu zinajaa. Mweru Wantipa, ziwa jirani upande wa mashariki, limekauka na kujaa tena mara kadhaa katika karne iliyopita bila kumngoja mvuvi. Basi kwa nini tusiseme mpumbu alishindwa na mvua, na Wagiriki wakasingiziwa? Kwa sababu mbili. Ukame haubagui kiasi hicho: kama maji ndiyo yaliyomwangusha mpumbu, pale na kambare wa maji yaleyale wangeanguka naye, kumbe biashara ya pale ilikua katika miaka iliyofuata. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuja mvua kubwa zilizoinua maziwa ya ukanda wetu, Victoria na Tanganyika yakiwa mfano. Kama mpumbu alikuwa akingoja maji tu, huo ulikuwa wakati wake wa kurudi. Hakurudi. Samaki anayetaga kila mahali, kila mara, kama chisense, anaweza kuvuliwa sana na bado maji yakaamua hatima yake. Samaki anayekusanyika pamoja mara moja kwa mwaka, au mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa miaka miwili au mitatu kama nyangumi wa nundu, hana akiba ya kulipia uzembe.

Hata hivyo nalichukua pingamizi hilo na kulitumia, kwa sababu lina ukweli ambao watetezi wa nyavu zenye macho makubwa husahau. Kama maji ndiyo yanayoendesha mavuno ya samaki waliobaki, basi Kasenga ya leo, inayoishi kwa dagaa, inategemea mvua kuliko Kasenga ya mwaka 1940 ilivyotegemea. Mji uliowahi kuwa na mpumbu, pale na kambare ulikuwa na njia tatu za kuokoka mwaka mbaya. Mji wenye chisense unayo moja. Huo ndio uhusiano halisi kati ya uvuvi wa zamani na tabianchi ya sasa: kumaliza aina moja ya samaki hakukuleta ukame, ila kulimwondolea mtu ngao ambayo angeitumia kujikinga nao. Na mvua zenyewe zimekuwa na ghadhabu pande zote mbili. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yakaungua mashambani na umeme wa Kariba ukapungua, na Lubumbashi, inayokula bukari (ugali) ya unga kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa, ikahisi bei. Katika miaka hiyohiyo Ziwa Tanganyika lilipanda na kumeza mitaa ya Kalemie na Uvira. Anayepanga msimu wake kwa mvua ya Novemba hawezi tena kuwa na uhakika na Novemba.

Nyangumi wamo katika mashaka hayohayo, ingawa kwa sasa habari zao ni njema kuliko zetu. Mwaka 1955 huko San Diego mvuvi mmoja alianza kuwatoza watu dola moja kuwapeleka kuona nyangumi wa kijivu; kufikia mwaka 2008 watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 13 katika nchi 119, na fedha walizotumia zilipita dola bilioni mbili. Kenya ina sehemu yake ndogo, kwani kuanzia Julai nyangumi wa nundu wa Bahari ya Hindi huonekana Watamu, na boti zilizokuwa zikingoja watalii wa samaki wakubwa sasa zina kazi nyingine. Wengi husimulia mambo haya kana kwamba utalii ndio uliowaokoa nyangumi. Si hivyo. Nyangumi wa nundu wa kusini walipewa ulinzi mwaka 1963, na usitishaji wa uvuvi wa biashara ulipigiwa kura mwaka 1982 ukaanza kutumika msimu wa 1985 hadi 1986. Kupona kulifuata katazo hilo. Upande wa Brazili, kundi lililobakiwa na nyangumi 450 hivi katika miaka ya 1950 limekadiriwa kufika 25,000. Kazi ya watazamaji ilikuwa nyingine: walilifanya katazo livumilike, kwa kuwa mji wa pwani ulipata mtu wa kula kupitia nyangumi aliye hai. Mahali ambapo kutazama hakuna kanuni, kunadhuru pia. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo waliwahi kuvuliwa kuwa chambo, na tangu miaka ya 1990 wamekuwa kivutio. Siku za watalii wengi boti huwazunguka na watu hurukia majini juu yao, na wachunguzi wameona wanavyopoteza muda wa kupumzika na kula.

Hapa msomaji wa Kasenga ana haki ya kukasirika kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: mtu wa California analipa kumwona mnyama, mtu wa Luapula anataka kumla. Ni kweli, na hakuna mtalii atakayekuja kulipa kumwona chisense. Lakini tusiikubali njaa kuwa hoja ya kumaliza mazungumzo, maana iliwahi kutumiwa na tunajua ilimfaidi nani. Posho ya samaki ilipunguza gharama za migodi. Faida ya shaba ilikwenda Brussels, faida ya samaki ilikaa kwa wenye barafu na malori mpaka mali zao zilipotaifishwa baada ya hotuba ya Mobutu ya 30 Novemba 1973, na kijiji kilichokuwa na mpumbu kikaachiwa deni la nyavu. Leo familia nyingi za Lubumbashi hula samaki wa baharini aitwaye tomson, aliyegandishwa, aliyevuliwa Namibia na kusafirishwa kwa lori maelfu ya kilomita. Mji uliokuwa na mto wa samaki siku moja au mbili tu kutoka kwake unalishwa na bahari ya watu wengine. Sioni jinsi gani kuulinda mto kungeweza kuwatia watu njaa kuliko hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la udogo. Kongo haikujaza hewa kaboni ya viwanda. Haut-Katanga ikizima kila tanuru la makala kesho, barafu ya Antaktika haitajua. Nakubali sentensi hiyo bila masharti. Barafu hiyo ndiyo inayowahifadhi krili, kamba wadogo ambao nyangumi wa nundu huwala majira yote ya joto ya kusini kabla ya kuja kuzaa kwenye pwani zetu bila kula, na kinachoiyeyusha ni moshi wa nchi tajiri kwanza. Tena dawa ambayo nchi hizo zinaitumia inachimbwa kwetu: zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, ile ya betri za magari ya umeme, hutoka Kongo, na karibu yote hutoka Katanga. Tumeshauza mpumbu kwa ajili ya shaba, na sasa tunaombwa mito na udongo kwa ajili ya hewa safi ya miji ambayo hatutaiona. Anayedai fidia kwa hilo hadai sadaka.

Lakini kutoka hapo haifuati kwamba mdogo hana la kufanya ila kungoja. Mwaka 1979 Seychelles, nchi iliyokuwa na watu wasiofika 100,000, isiyo na meli hata moja ya kuvua nyangumi, ilipeleka pendekezo la kuifanya Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ya nyangumi, na tume ya kimataifa ikalipitisha. Nchi zenye meli-viwanda zilikuwa mezani na zilishindwa. Udogo haukuwa kizuizi kwa sababu Seychelles haikuomba ihesabiwe kwa tani, iliomba kanuni moja kwa wote. Na liko jambo la pili, la nyumbani zaidi. Miti ya miombo inayokatwa kando ya barabara ya Kasenga kwa ajili ya makala ya Lubumbashi haibadilishi barafu ya kusini, lakini inabadilisha bonde: mvua kubwa inayopiga udongo ulio wazi huushusha mtoni pale ambapo samaki wanataga, na jua linalofuata hukausha mapema vijito ambavyo vifaranga wangekulia. Kati ya moshi wa dunia na mti wa jirani, sisi tuna neno juu ya mti. Kudai haki kwa tajiri na kuacha bonde lioshwe ni kupoteza kesi zote mbili.

Tatizo la Luapula ni kwamba hadi leo kanuni moja haipo. Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, miezi ambayo maji yanapanda na samaki wanataga, lakini upande wa Kongo sheria hailingani na hiyo na ulinzi ni hafifu. Mvuvi wa upande wa Zambia anakaa ukingoni akiona taa za wenzake usiku, kama babu yake alivyoona nyavu. Kinachonifanya nisikubali kwamba hali hii ni ya kudumu ni Tanganyika. Katika ziwa hilo Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikubaliana chini ya mamlaka yao ya pamoja kufunga uvuvi kwa miezi mitatu ya mwaka, na Tanzania ilianza kutekeleza hilo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wavuvi walilalamika, na walikuwa na sababu, kwani miezi mitatu bila mapato si jambo la kuamriwa kutoka ofisini bila kusema mtu atakula nini. Swali hilo la chakula cha miezi ya kufunga ndilo lililowashinda Wabelgiji na Waingereza, ambao walikuwa na migodi tajiri ya kulipia jibu na hawakutaka. Migodi bado ipo, na inatozwa kodi na mrabaha na serikali za kingo zote mbili. Na kati ya nchi nne zilizotia sahihi kwa ajili ya Tanganyika, mbili ni zilezile zinazotazamana Kasenga.